Chumvi Mfukoni mwa Mjomba Yang

"Mjomba, mbona unakuja kula kwetu na chumvi yako mfukoni?" nilimuuliza nikiwa na miaka saba.

"Kula, mbea wewe. Hii nimeipika mwenyewe, naijua."

Mjomba Yang Boqing anachemsha maji ya kisima cha chumvi, hapa kwetu Sichuan. Zamani, baada ya karamu nyumbani kwake, aliamka miguu imekufa ganzi, haimtii. Alipopona alimfukuza mkewe, Suzhen, bila kusema kosa lake. Tangu hapo mama humpikia bila chumvi, naye huigeuzageuza tofu kwa vijiti kabla ya kuila.

"Kaka, nami ni mchawi?" mama humtania.

"Sijasema."

Baadaye mjomba akapooza tena. Safari hii alimshuku muuza tofu, akaacha hata kumsalimia.

Mwaka huu madaktari waliokimbilia huku kwa sababu ya vita wamepima chumvi ya visima vyetu. Katika kile cha mjomba wamekuta madini mengi ya sumu yaitwayo bariamu. Ikiyeyuka majini haionekani, lakini hulegeza misuli mpaka pumzi ikakatika. Wamemwonyesha chumvi nyingine, ya dawa, ya kutia katika karai lake la kuchemshia, ambayo huigandisha bariamu ikazama kama unga mweupe usiodhuru.

Jana mjomba alikuja kwetu, akamwaga kifuko chake cha chumvi mtaroni. Kisha akanigeukia.

"Uliniuliza zamani. Nilidhani Suzhen ananiwekea sumu, kumbe nilikuwa naibeba mwenyewe. Kesho nisindikize kwao nikamwombe radhi, hata akinifungia mlango."