Gari Lililosikika Kabla ya Kufika

Mume wangu alinunua gari kwa sababu lilikuwa linauzwa. Sababu nyingine nimeitafuta miaka yote hii na sijaipata. Zilikuwa enzi za ruksa: sabuni na sukari zimerudi madukani, mitumba imejaa gulioni Masasi, kila mtu anauza na kila mtu ananunua, na ushirika aliokuwa akifanyia kazi ukaamua kuyaondoa magari yake chakavu. Akaja nalo nyumbani alasiri moja, limewahi kuwa jeupe, refu kwa nyuma kama lile la kubebea wagonjwa. Nilimuuliza kama tundu la sakafuni lilikuja na gari au aliongezewa bure. Akasema linasaidia hewa kupita.

Hewa iliyopita ilikuwa moshi. Bomba la ekzosi lilikuwa limeoza pale linapoungana na sailensa, kwa hiyo moshi uliingia kwetu na mngurumo ukaenda kwa majirani. Gari likiwashwa, kuku walipanda juu ya paa. Wanafunzi wangu wa darasa la nne walikuwa wakiniambia, "Mwalimu, baba anakuja," na baba mwenyewe ndiyo kwanza anaondoka sokoni. Fundi wa kuchomelea alilichungulia, akacheka, akasema chuma kimebaki karatasi, moto wake utaongeza tundu tu. Ekzosi nyingine ingepatikana Dar es Salaam, na Dar es Salaam siku zile ilikuwa mbali kuliko leo.

Mimi ningeishi na kelele hizo. Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote. Aliyeshindwa kuishi nazo ni mama yangu, naye alikuwa na jambo zito.

Mama aliishi nasi Masasi. Dada yake mkubwa, mama mkubwa wangu, alibaki Newala kwenye nyumba ya bibi. Bibi alifariki katikati ya masika, na habari ilipotufikia mama alipanda lori la kwanza alilolipata, likakwama kwenye tope, akalala njiani. Alipofika, bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama mkubwa akatoka nje, akamtazama mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Karibu, mgeni."

Kuitwa mgeni kwenye msiba wa mama yako mzazi, na aliyekuita ni wa tumbo moja nawe! Mama naye hakukaa kimya, ulimi wa ukoo wetu haujui kukaa kimya. Akajibu kwamba wamemfukia mama yao haraka haraka kama watu wanaoficha kitu. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mama alijuta kabla hata matanga hayajaisha, lakini majuto yalimkalia kooni, hayakutoka.

Kwa hiyo gari lilipokuja, mama alikuwa wa kwanza kuliona kama neema. Akafunga kanga mpya, tukampeleka Newala akapatane na dada yake. Tulikuta nyumba wazi, moto unawaka, chungu cha mbaazi kinachemka, na mwenyewe hayupo. Jirani akasema kaenda shamba. Tukaenda tena siku nyingine, tukakuta mboga ziko kwenye ungo, nusu zimechambuliwa, mchambuaji kaenda shamba. Baadaye yule jirani alinivuta pembeni akaniambia ukweli: gari lenu linasikika tangu huko chini kwenye kona, na mama mkubwa akilisikia tu anachukua jembe, anapitia mlango wa uani na kuingia kwenye mikorosho. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kikapu ukavune. Huyu wa kwetu alikuwa anashika jembe mwenyewe.

Siku hiyo mama alirudi Masasi akifuta macho njia nzima. Nilidhani ni moshi.

Kesho yake aliniita barazani. "Mwambie mwenzio alinyamazishe gari lake," alisema. "Nataka nimkute dada yangu amekaa."

Mwenzio huyo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, anamsikia vizuri. Lakini mama alikuwa mtu wa zamani. Kwake mkwe wa kiume haangaliwi usoni wala hasemeshwi hivi hivi, na mume wangu, kwa heshima aliyomwekea, naye alijifanya hasikii mpaka nimwambie. "Mwambie mama nimesikia," alinijibu. Hivyo ndivyo walivyoishi nyumba moja kwa amani, na mimi nikiwa simu yao.

Jaribio la kwanza lilikuwa sabuni. Tangi la petroli lilikuwa limewahi kuvuja na mume wangu akaliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, likatulia, basi akaona sabuni ni dawa ya kila kitu. Alisahau kwamba petroli ni baridi na ekzosi ni jiko. Aliwasha gari, sabuni ikachemka, povu likaanza kudondoka chini ya gari, na mtaa mzima ukanukia siku ya kufua. Nilimuuliza kama nilete na shuka.

Jaribio la pili lilikuwa ugali wa muhogo, na hilo sikulicheka mwanzoni, maana ugali wa muhogo ukikauka kwenye sufuria kila mke anajua kazi ya kuubandua. Akausonga mgumu, akauzungushia bombani, akaufunga na kitambaa. Ulishika kweli. Gari likanyamaza kutoka nyumbani mpaka sokoni. Kurudi, ugali umeungua, unanukia ukoko, na mbwa wa Masasi wameunga msafara nyuma yetu. Mmoja aliufikia tuliposimama. Ndio ukawa mwisho wa kiraka cha pili.

La tatu ndilo lililohitaji nyumba nzima. Mume wangu alipasua kopo la mafuta ya kupikia, akalinyoosha likawa bati, akachukua waya wa kufungia na udongo wa kichuguu wa kukandika chini ya bati. Tatizo likawa moja. Ili afanye kazi hiyo ilimbidi alale chali uvunguni, miguu nje, suruali imepanda, na gari lilikuwa kati ya chumba cha mama na jiko. Mama hawezi kupita mkwe wake akiwa amelala hivyo. Akakaa barazani, kaligeuzia gari mgongo, kanga usoni, na kutoka huko akaanza kutoa maagizo, kwa sababu alikuwa amefinyanga vyungu ujanani na udongo aliujua.

"Mwambie mwenzio asiuanike juani, utapasuka. Aukaushe kivulini."

"Mwambie mama gari haliingii kivulini, betri imekufa."

"Mwambie basi aufunike na majani mabichi."

"Mwambie mama nimefanya hivyo."

Nilitoka kidogo kwenda uani. Niliporudi niliwakuta bado wanaambiana kupitia kwangu, na kazi inakwenda vizuri tu bila mimi.

Kiraka kilikaa siku mbili chini ya majani ya mgomba. Kisha tukalisukuma gari likawaka, na jamani, lilikuwa limetulia. Lilinguruma kama paka. Kuku walibaki chini. Mume wangu alisimama mikono kiunoni akitazama ekzosi kwa mapenzi ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo, na mama, kutoka nyuma ya kanga yake, akasema nimwambie mwenzangu asante sana.

Tukaondoka Masasi asubuhi. Mama alikaa kiti cha nyuma, upande usio wa dereva, na kwa mara ya kwanza tundu la sakafuni lilileta hewa kweli. Njiani alikuwa akijifunza maneno yake kwa sauti ndogo. Nilimsikia akianza, "Dada, nilikosa," kisha anasahihisha, "Dada, tulikosa," kisha anarudi kwenye la kwanza. Nilimhurumia mpaka nikageuka dirishani. Mtu mzima mwenye wajukuu, anakariri kama mtoto anayeogopa mwalimu.

Tulipoanza kupanda kuelekea juu, mume wangu akaweka gia ya kwanza na gari likaanza kuhema. Mchanga ni mwingi pale na makorongo yamekula barabara. Tukapita shimo moja, tukapita la pili, na la tatu likagonga chini, paa! Bati likatoka na udongo wote. Mngurumo ulioturudia ulikuwa mkubwa kuliko ule wa zamani, maana kipande cha bomba nacho kilikuwa kimeondoka na kiraka.

Mume wangu alisimamisha gari. Kona ile ile tuliyoambiwa ilikuwa mbele yetu, na mimi nilikuwa namwona mama mkubwa akilini mwangu, anatupa jembe begani. Mama akaikaza kanga yake.

"Mwambie mwenzio aende tu," alisema mwishowe. "Walau nitaona moto wake."

Tukapanda tukinguruma Newala nzima itusikie. Na Newala ilitusikia. Tulipotokea juu, tulikuta wanawake wanakimbia. Hawakimbii kututoroka, wanakuja upande wetu, na ndoo, na madumu, na masufuria, wengine wamebeba watoto mgongoni. Waliposimama walijipanga kando ya barabara, foleni ndefu, wanasukumana, wanaitana, na kila jicho linatutazama sisi. Mume wangu aliniuliza tumefanya nini.

Newala haina maji, hilo linajulikana. Tulilokuwa hatulijui ni kwamba tangu tulipofika mara ya mwisho mfanyabiashara mmoja alikuwa ameanza kuleta maji ya kuuza kutoka bondeni, kwa lori bovu la tangi, na lori hilo halikuwa na sailensa kabisa. Watu walilitambua kwa kulisikia. Likinguruma kwenye kona, unaacha unachofanya na kukimbilia nafasi, kwa sababu tangi huisha kabla foleni haijaisha. Sisi ndio tulionguruma kwenye kona.

Na wa kwanza kabisa kwenye foleni, ndoo mbili, kanga imefungwa kiunoni kwa vita, alikuwa mama mkubwa wangu.

Alituona. Nilimwona akitazama nyuma, akaupima umbali mpaka kwenye mikorosho, kisha akatazama foleni iliyomfuata. Akitoka, nafasi imekwenda, na siku hizo maji yalikuwa hayajaja muda mrefu. Akabaki. Akazishika ndoo zake kama mtu atakayenyang'anywa.

Mama alishuka. Maneno yote aliyojifunza njiani yalimtoka, nilimwona yakimtoka. Akaenda mpaka mbele ya dada yake, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, dada."

Foleni nzima ikageuka kutazama. Shikamoo isiyoitikiwa mbele ya watu ni aibu ya wote wawili, na wanawake wale walijua kisa chote, walikuwa wanasubiri waone. Mama mkubwa alitazama barabara. Alitazama gari letu. Kisha akasukuma ndoo moja kwa mguu, ikamfikia mama.

"Mguu wangu uache," alisema. "Shika ndoo."

Wanawake walicheka, na mama akashika ndoo. Walisimama bega kwa bega mpaka lori lenyewe lilipokuja, na nakiri hata mimi nisingeyatofautisha magari yale mawili kwa masikio. Walijaza, wakajitwisha, wakatangulia nyumbani mbele yetu. Mama maji yalimmwagikia usoni na hakuyafuta.

Tulipokwisha kula, mama mkubwa ndiye aliyeanza. Hakumtazama mtu, alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. "Siku ile nilimzuia padri," alisema. "Nikasema mdogo wangu yuko njiani, msifukie. Kila gari lililopanda nilitoka barabarani, nikasema huyo ni yeye. Halikuwa lako hata moja. Jua lilipozama ndipo wakaniondoa kwa nguvu."

Mama alilia, na safari hii sikudhani ni moshi. Alisema lile neno moja alilobaki nalo, nilikosa, dada. Mama mkubwa akamwitikia, "Marahaba," kama vile ile shikamoo ilikuwa bado imesimama mlangoni inasubiri, na wote wawili wakacheka na kulia kwa pamoja, hovyo hovyo, mpaka jirani akaja kuchungulia.

Mume wangu, kwa aibu ya kukaa karibu na wakwe wawili wanaolia, alikuwa amekwenda kujificha chini ya gari na kopo jingine na waya. Mama mkubwa aliona miguu yake, akageuza uso haraka.

"Mwambie mkwe wangu aache hiyo ekzosi," aliniambia. "Mkija, nitajuaje?"

Miguu ikasikia. Waya ukawekwa chini, na mwenye miguu akatoka, akajipangusa mchanga.

Tuliondoka jioni tukiwa na mbaazi, mihogo mikavu na kuku aliyefungwa miguu. Mama mkubwa alibaki mlangoni. Tulipofika ile kona, nyumba haionekani tena, mama akaniinamia kutoka kiti cha nyuma, moshi umemjaa mpaka kwenye kanga.

"Mwambie mwenzio akanyage mafuta kidogo," alisema. "Yule bado anasikiliza."