Aliyekata Majani ya Waridi

Baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, nilikaa nyumbani kwetu Kiplombe bila kazi. Mke wangu alinitolea kiti nje, karibu na mawaridi yake, akanipa jukumu moja: kujua mdudu anayeyamaliza. Majani yalikuwa yamekatwa pembeni kwa mviringo safi, kama kwa makasi. Dawa alikuwa ameshainunua.

"Nipe siku chache kabla hujapuliza," nilimwambia.

"Chache, Mzee. Si mpaka upone."

Jua likipanda, nilipiga picha kila kilichotua, nikituma kwa kikundi cha simu cha watu wanaotambua nyuki wa porini. Binti yetu ndiye aliyeniunganisha nacho. Mama mmoja anayesomea wadudu alinijibu kwa subira. Nyuki wangu wa kwanza alikuwa nzi. Wa pili alikuwa nyuki kweli, ila nilimpiga picha ya mgongo tu.

"Jaribu ubavuni, Mzee," aliandika. "Tuone anabeba chavua wapi."

Nilidhani nyuki wote hubeba chavua miguuni. Babangu alifuga nyuki, nami sikuwahi kuangalia tumbo la hata mmoja.

Hatimaye nilimpata. Alikuwa amekumbatia kipande cha jani, akaingia nacho kwenye tundu la nguzo ya ua. Baadaye nilimpiga picha tena juu ya ua la alizeti, tumbo lote limejaa unga wa manjano. Yule mama alifurahi. Nyuki huyu huishi peke yake, alieleza. Jani halili, hulitandika kwenye chumba cha yai. Jina lake kamili, picha haingeweza kutoa.

Nilimsomea mke wangu. Aliichukua simu, akaikuza ile picha.

"Na huyo mtoto akitoka, mama atamwona?"

Nilimuuliza mtaalamu wetu. Mara nyingi hapana, alijibu. Mama huwa ameshakufa.

Mke wangu alichukua ile dawa. Alikwenda kupulizia viazi, upande wa mbali wa shamba.

Mwaka huo mawaridi yalibaki na mapengo. Wageni wakiuliza, aliwajibu tu kwamba kuna mtu anayatumia. Mimi sasa nafuatilia kadudu kadogo keusi kanakotembelea maua ya sukuma wiki. Kikundi bado kinabishana kama ni nyuki.