Kosa la Majogoo ni Langu, Si la Mama Neema

Nina miaka sabini na sita. Nimepita vita viwili kule Uvira, malaria sijui mara ngapi, nimezika mke wangu na mashine tano za kushona. Nilijua Mama Neema ndiye atakayenizika mimi.

Kichwa kinakataa kabisa. Jana nimempigia simu yeye mwenyewe nimuulize mazishi ya Mama Neema ni saa ngapi. Kwa sababu mazishi yote ya Wakongomani hapa Johannesburg, yeye ndiye alikuwa anajua saa.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliacha darasa la tatu, na bado hakuna fundi Joubert Park anayenifikia. Lakini hii naandika mwenyewe, kidole kimoja, kwa sababu ya ile picha.

Neema, binti yake wa kwanza, ameweka hapa kwenye kundi letu picha ya mama yake akiwa na gauni la kitenge cha majogoo. Mmeona. Na mmecheka. Mmoja kaandika, "Eish, huyu mama kavaa majogoo vichwa chini?" Mwingine, "Labda anawapeleka sokoni."

Mama Neema aliacha neno avishwe gauni lile lile akifa. Sasa akina mama wa kanisa wanaona aibu mbele ya wageni. Wamenitumia ujumbe nishone jeupe, haraka, kabla ya mazishi ya Jumamosi.

Ngojeni kwanza.

Huyu mama alisuka nywele karibu na Park Station, amesimama tangu asubuhi, na vidole vile vikalea watoto wanne. Jioni anawaombea kwa Kiswahili, wao wanaongea Kizulu. Ikifika Amina wanakutana.

Wakati wageni wa nchi kama sisi wanapigwa kule Alexandra, sisi wanaume tulifunga milango. Mimi pia nilifunga. Yeye alipanda kombi ya kanisa akaenda huko huko, akarudi na familia tatu.

Nikamuuliza, "Mama, hukuogopa?"

"Niliogopa sana, Papa Fundi. Ndiyo maana niliimba njia nzima."

Alhamisi ilikuwa siku ya hospitali. Anabeba uji, anapita kitanda kwa kitanda, hata kwa watu asiowajua. Nilipolazwa mimi aliniletea sombe, kisamvu cha kwetu. Nikasema chumvi imepungua.

Akasema, "Wewe hata ukifa utalalamika jeneza linabana."

Haya, majogoo.

Akina mama wa kwaya waliagiza kitenge cha aina moja kutoka kwetu Kongo, sare ya Pasaka. Magauni kumi na mawili, wiki moja. Mimi sipimi, sipigi chaki, namwangalia mtu nakata. Kumi na moja yalitoka safi. La Mama Neema niligeuza kitambaa, juu pakawa chini. Nimekuja kuona nimeshamaliza kushona, na kitenge kimekwisha.

Alipokuja kuchukua, akaliinua, akaliangalia.

"Papa Fundi, hawa majogoo wamekosa nini?"

"Ni mtindo mpya, Mama. Paris wanavaa hivyo."

"Paris!" Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo za watu. "Haya, nitavaa Paris yako. Sitakuaibisha. Lakini ukweli utausema wewe mwenyewe."

Jumapili kanisa zima linamtazama. Wakamuuliza. Akawajibu tu, "Majogoo wenu wanaangalia watu. Wangu, nikiinamisha kichwa kuomba, nawaona wamesimama vizuri."

Jaribuni kuvaa mtaona, ni kweli. Hakudanganya. Mwongo nilikuwa mimi. Wanawake wawili walitoka kule mbali Turffontein kuja kuomba mtindo ule, nikawakatia, kifua mbele, nasema nimeubuni mimi.

Na yeye kila Pasaka analivaa, ananikonyeza kutoka kwenye kwaya. Ananingoja. Miaka yote hiyo sikusema. Nasema leo, hasikii, na hapo ndipo panaponiuma.

Kwa hiyo jeupe sishoni. Mashine nimeifunika. Neema ameniletea lile la majogoo, nimelipiga pasi mwenyewe, taratibu, mikunjo yote. Mvisheni alichoomba. Mwenye kicheko cha Jumamosi, mimi nitakaa mstari wa mbele kabisa, anicheke mimi.

Mama Neema, dada yangu, lala sasa. Umebeba watu wengi, na mimi nilikuwa mzito kuliko wote.

Anayebisha amuulize Mama Shantali wa kwaya. Siku ile ya kuchukua gauni alikuwa amekaa dirishani kwangu anangoja vifungo, akasikia yote, na Mama Neema akamwomba anyamaze. Amenyamaza mpaka leo.

Mama Shantali, ongea.