Maharagwe ya Mke Wangu

Mke wangu wa kwanza alikuwa na meno machache sana, na nilimkuta duniani akiwa tayari mjane. Alikuwa bibi yangu, mama yake mama. Kwetu Buyenzi, mtaa wa mjini, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake tangu siku anapopewa jina, na hana pa kukimbilia. Akitaka chai ananiita, "Mume wangu!" Nikichelewa kurudi ananiuliza nilikuwa kwa mke gani. Na mjomba wangu, fundi wa malori, kwa kuwa mimi nilikuwa mume wa mama yake, alinisalimia kila asubuhi kwa adabu zote: "Shikamoo, baba. Leo umetuachia nini ya kula?"

Bibi alishuka mjini vita ilipofika kwao juu milimani, kwenye senta ndogo ambako yeye na marehemu babu walikuwa na duka la chumvi na vitenge. Hakubeba kitenge hata kimoja. Alibeba maharagwe. Yalikuwa makubwa kama kidole gumba, ya zambarau yenye madoa meusi, aina ile inayokwea mti mpaka juu na kutoa maua mekundu. Pale mjini hatukumwona mtu mwenye nayo. Barabara ya kwao ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyejua kama kule juu bado kuna anayelima. Akayamimina yote mkononi mwangu.

"Mume wangu, mbegu ni hii tu. Ukiiua, mi nadai talaka."

"Siui, mke wangu."

"Babu yako naye alikuwa anasema vile vile."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuota ndoto sikuacha. Siku ile ile nikajiona nimevaa kofia, napeleka maharagwe mpaka Mutanga Nord, kwa matajiri wenye bustani na mbwa, na mbwa wenyewe wananisalimu. Nikayapanda nyuma ya bafu, kwenye kivuli, pale maji ya kuogea yanapopita, nikasimika miti. Yakaota. Yakakwea. Yakaipita miti, yakashika kamba ya nguo, yakaingia suruali ya mjomba mguu mmoja. Kisha yakatoa maua, mekundu, mengi, hata watu wa barabara ya pili wakaja kutazama.

Hapo nikaingiwa na wivu. Kuku walikuwa wanachungulia. Wanawake wa uani walikuwa wanachuma majani wapike mboga. Na nyuki! Jirani yetu aliuza juisi ya mananasi, na nyuki walikuwa wakitoka kwake wanakuja kwangu, wanaingiza vichwa ndani ya maua ya mke wangu, wanatoka na miguu imejaa unga wa manjano. Wezi wa mchana kweupe! Nikavua chandarua kitandani mwangu, nikayafunika maharagwe yote, nikabana chini kwa mawe. Yakawa kama bibi arusi. Nikalia kidogo kwa ule uzuri.

Baada ya hapo maua yakaanza kuanguka. Yanachanua, yananyauka, yanaanguka, na nyuma yake hakuna kitu. Hata kiganda chembamba kama njiti ya kiberiti, hakuna.

Mjomba akaja, akachuchumaa, akatega sikio kwenye shina.

"Baba, hii moteri inawaka lakini haivuti. Esansi, mafuta yake, inapata?"

"Namwagilia kila jioni."

"Na chakula?"

"Mavi ya mbuzi, majivu, maji ya kuoshea nyama..."

"Ndiyo sababu! Umeinenepesha. Angalia majani, kama masikio ya tembo. Mutu anakula hivi, atakumbuka kuzaa saa ngapi?"

Akaamuru mbolea isimame. Nikaisimamisha. Majani yakapunguza kiburi, maua yakaendelea kuanguka. Mjomba akasema basi labda ni buji, ile plagi ya cheche, haitoi moto. Nikamwuliza mharagwe una buji wapi. Akakasirika, akasema yeye ni fundi wa malori, maharagi hakusomea.

Bibi hakucheka nasi. Alikuwa anayaokota yale maua, anayaweka kiganjani, ananitazama. Hakutaja hata talaka, na hilo ndilo lililoniuma. Ameibeba mbegu kwa miguu toka milimani, risasi zikimpita, halafu ije kuishia kwa mume mpumbavu nyuma ya bafu.

Tena kulikuwa na mbu. Chandarua kiko kwa maharagwe, mimi niko kwa mbu. Asubuhi moja, baada ya kulala sakafuni sote kwa sababu ya milio ya risasi upande wa Kamenge, niliamka jicho moja halifunguki na mdomo kama andazi. Bibi akashika kifua.

"Yarabi! Wamekupiga?"

"Apana, mke wangu. Ni mbu."

"Na chandarua iko wapi?"

"Imevaliwa na maharagi."

Akatoka na fimbo yake, akakivuta kile chandarua mpaka mawe yakaruka.

"Mi niliona hii kitambaa nikanyamaza! Nikasema labda ndiyo kilimo ya mujini, nisionekane mushamba. Kumbe ni wewe tu?"

"Nilikuwa nazuia nyuki, wanakula maua."

Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Mume wangu, maua hii bila nyuki ni arusi bila bwana arusi. Watu wanakula pilau, wanarudi kwao, mutoto hakuna."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"We uliniuliza? Ulimuuliza mutu wa moteri!"

Nyuki hawakungoja kadi ya mwaliko. Mmoja alinichoma kwenye ule ule mdomo, nikainua kandambili, Bibi akanipigia kelele: "Acha! Anafanya kazi yako!" Haukupita muda, jirani wa juisi akaja mikono kiunoni.

"Mumeniibia nyuki!"

"Si ulikuwa unawalaani kila siku?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nawalaani, lakini wateja wakiona nyuki wanajua juisi ni tamu. Sasa wanasema natia maji!"

Siku nilipoona nyuma ya ua lililonyauka kitu cha kijani, kimepinda kama kucha ya paka, nilikimbia nikiita "Mke wangu! Mke wangu!" mpaka wapita njia wakanipongeza, wakidhani kuna aliyejifungua. Mjomba akachomoka chini ya lori.

"Imevuta?"

"Imevuta!"

Bibi alivilinda vile viganda kwa fimbo mpaka vikakauka vyenyewe. Akachagua kwanza mbegu, zile kubwa, akaziweka mbali na mikono yetu, zilikuwa nyingi kuliko zile alizokuja nazo. Yaliyobaki akayatia chunguni. Yalichemka tangu asubuhi, na adhuhuri tukakaa kula. Akaonja kijiko kimoja. Akaacha kutafuna.

"Haiko sawa."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. "Ni chumvi?"

"Apana. Kule milimani tulikuwa tunakula hii na baridi."

Akaagiza sweta lake la sufu. Nikamletea. Akalivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni, adhuhuri ya Buyenzi, jua ambalo hata mijusi wanalikimbia. Akala. Jasho linamtiririka, anafuta, anakula. Akamaliza sahani, akainyoosha apewe nyingine.

"Sasa ndiyo yenyewe," akasema.

Mjomba akaitazama sahani yake, akamtazama mama yake. Akainuka, akaingia ndani, akarudi amevaa koti lake la mvua.

"Baba," akaniambia akikaa, "na we vaa kitu."