Kisigino na Kaburi Dogo

Majina yote ninayo. Ya waliozaliwa nikiwapo, ya waliooana na kuachana, na zaidi ya yote ya waliolala pale makaburini nyuma ya minazi, hapa Ushongo. Nusu ya makaburi yale hayana hata jiwe la maana, ni vipande vya tumbawe na makombe yaliyopauka kwa jua. Lakini humu sitaandika jina hata moja, maana jina la mtu ni lake. Nitaandika habari ya kisigino changu cha kulia, na ya Shaabani mbili.

Kwetu, Ramadhani ikikaribia, watu huenda kufagia makaburi. Wanaume hutangulia kufyeka, nasi wanawake wazee huingia nyuma yao na mafagio ya chelewa. Viatu tunaviacha nje, kwenye mti wa kwanza. Kuwakanyagia waliolala na viatu ni utovu wa adabu, ndivyo tulivyolelewa.

Shaabani ile ya kwanza mvua kubwa ilikuwa imepita na kuchukua mawe mengi. Nafagia, mawazo yako mbali, nikarudi nyuma hatua moja kumpisha wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mchanga ukazama laini chini ya kisigino. Nikatazama chini, nikatazama minazi, nikapima kwa macho. Nilikuwa nimesimama juu ya mwanangu.

Ni mtoto wangu wa kwanza. Aliishi siku tisa. Siku ya saba tulimpa jina, kwa hiyo jina lake alikaa nalo siku mbili tu. Kichwani tulimwekea kombe moja jeupe, na kombe lile sasa halikuwapo. Nilipiga magoti nikausawazisha mchanga kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha shuka. Sikumwambia mtu.

Haukupita mwezi, kisigino kikaanza.

Kilikuwa kinanijia alfajiri. Nashuka kitandani nikatie udhu, mguu ukigusa chini tu, ah! kama nimekanyaga kaa la moto. Nashika ukuta, nachechemea mpaka kwenye mtungi, na nikifika mtungini maumivu yameshalegea, kama mtu aliyekushika kisha akakuachia. Mchana napita nayo. Nikikaa barazani kusuka ukili, nikiinuka, yupo tena, ananishika. Nasema yupo, maana nilishamjua. Katika usingizi wa mwisho, ule mwepesi wa kabla ya adhana, nilikuwa namwona: mchanga mweupe, na mkono mdogo unatoka mchangani, vidole vitano laini vimenikumbatia kisigino. Havinivuti kwa hasira. Vimeshika tu, anavyoshika mtoto anaponyonya.

Wifi yangu hakuwa na habari ya ndoto.

"Mwiba huo," alisema. "Lete mguu."

"Mwiba gani, wifi, unakaa miezi yote hiyo?"

"Mwiba wa mchongoma una subira kukushinda wewe. Lete mguu nikwambie!"

Akachokoa kwa sindano ya kushonea, miwani imemshuka puani, mie natafuna ncha ya leso. Alichokoa mpaka damu ikatoka, akainua uso. "Hamna mwiba humu. Mna ukaidi mtupu."

Tukaingia kwenye ndulele. Unalichoma tunda majivuni, unalipasua, unalikanyaga likiwa bado la moto. Hilo alinifundisha mama yangu. Likanipa malengelenge, na alfajiri mtoto akanishika pale pale.

Mwaka ukawa unakaribia kuzunguka. Siku moja wazee wa kijiji wakanijia barazani. Walikuwa wamekubaliana kwamba, kabla ya mwezi wa kufunga, fundi aje aweke vibao vya saruji vyenye majina, kila kaburi na chake, maana mchanga unafunika na wenye kujua tunapungua.

"Bibi, daftari ni wewe," mmoja alisema. "Tunaomba utupitishe kaburi kwa kaburi."

"Na nisipofika?"

Wakatazamana. "Ambaye hatumjui tutaandika hajulikani. Tutafanyaje?"

Nilijaribu kuwaelekeza nimekaa. Wa tatu kutoka mnazi uliopinda, wa pili kutoka penye tumbawe la pembe. Wakaenda, wakarudi, wamembadilisha mama mmoja na mkwewe, na wale wawili hata wazima walikuwa hawasemezani. Nikaona basi, makaburi hayasomeki kutoka barazani. Yanasomeka kwa miguu, hatua hii ndiyo inayoikumbusha ile. Na mie siku hizo nilikuwa sifiki hata kisimani. Nilikuwa nalala nikifikiri: wote wale, mmoja mmoja nimewaweka kifuani miaka yote, leo waje waitwe hajulikani. Na yule mdogo, ambaye kwa watu hana hata alama, yeye ndiye wa kwanza kupotea. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyenishika mguu nisiende. Hilo ndilo lililokuwa likinishangaza. Mtoto gani hataki jina lake?

Mjukuu wangu anafundisha shule mjini, anakaa Chumbageni. Alipokuja likizo akaniona nashika ukuta, akafunga mkoba wangu bila kuniuliza. Tukavuka kivuko cha Pangani, tukalala kwake, asubuhi akanipeleka kwa mwanamke anayetibu watu kwa mazoezi ya viungo. Mtu wa milimani, mwembamba, ana msalaba mdogo shingoni na mikono ya moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kunauma zaidi saa ngapi?"

"Hatua ya kwanza ya alfajiri."

"Ukitembea kidogo kunapoa? Ukikaa sana ukainuka kunarudi?"

Nikamtazama mjukuu wangu, nikidhani amemweleza. Yule mwanamke akabonyeza kwa dole gumba, upande wa ndani wa kisigino, mbele kidogo. "Hapa?"

"Lo! Hapo hapo. Niachie!"

Akacheka, akauliza makovu yale ni ya nini, nikamweleza. Akanipima na sukari, ikawa sina, akaniambia nimshukuru Mungu, maana mwenye sukari akichezea ndulele la moto na sindano anaweza kupoteza mguu. Nilipomwambia kulianza mwaka jana, akauliza, "Mwaka jana palibadilika nini nyumbani?"

Nikasema moyoni, huyu anajua kaburi. Mjukuu wangu ndiye aliyejibu: "Baba alimwekea Bibi sakafu ya saruji. Zamani ilikuwa ya udongo."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani ile iliyopita. Shaabani."

"Na ndani unavaa nini miguuni, Bibi?"

"Ndani?" nikasema. "Ndani mtu anavaa nini? Si ndimo ninamoswali?"

Akavuta kiti, akanikamata wayo. Akaniuliza kama nimewahi kulala kitanda cha kamba. Nikamwambia nimezalia juu yake. Akasema chini ya wayo kuna kano pana, imefungwa kisiginoni, imevutwa mpaka vidoleni, kama kamba za kitanda. Udongo ulikuwa ukiihurumia. Saruji haihurumii, na umri nao umeshapunguza nyama ya kisigino, basi kamba imechanika vijiuzi vidogo pale inapofungwa. Usiku inajikunja ipone. Alfajiri ukisimama ghafla unaivuta, nyuzi zinachanika upya.

Ilinipasa nifurahi. Mjukuu wangu alifurahi, alikuwa anatabasamu mdomo wote. Mie nilitazama dirishani, nguo za watu zinapepea kwenye kamba, nikahisi kama nimenyang'anywa kitu. Kumbe ilikuwa saruji. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amenishika.

Nikarudi Ushongo na masharti. Kabla ya kushuka kitandani, nipitishe leso chini ya vidole vya mguu, nivute ncha zake kuelekea kwangu, pole pole, nihesabu mpaka thelathini, mara tatu. Mchana nisimame mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kisinyanyuke, niusukume ukuta mpaka shavu la mguu livutike. Jioni nikae, niviringishe chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Nisikanyage saruji mguu mtupu. Na nisitarajie kupona kesho, ni jambo la wiki nyingi, pengine miezi.

"Sukuma, wifi, sukuma!" wifi yangu alikuwa akinipigia kelele kutoka uani. "Ukipata nguvu nyumba yote ihamie Mwera!"

Ila viatu vya ndani alivikataa. "Tangu lini mtu anaingia na viatu chumbani kama askari aliyekuja kupekua? Malaika watapita wapi?"

"Ni vipya, havijawahi kutoka nje," mjukuu wangu akamwambia, akavitundika kwenye msumari ndani ya mlango. "Vinalala hapa hapa. Ukiswali unavua."

Wifi akavinusa, kweli alivinusa, akavirudisha msumarini.

Wiki zikapita. Alfajiri kaa la moto likawa vuguvugu. Na ndoto ikakonda. Mchanga niliuona, mkono sikuuona. Nilikuwa naamka nikiwa mwepesi, na wepesi wenyewe ukawa mzito, sijui nisemeje.

Shaabani ikaingia, fundi akapanga siku. Sasa pakabaki viatu. Makaburini sivai, na bila kiatu safu zile zote nisingezimaliza. Nikakaa na jambo hilo siku mbili. Mjukuu wangu alikuwa amekuja kuandika majina, akaniona. Akachukua kipande cha sponji la godoro, akakata kwa kufuata wayo wangu, akakishonea ndani ya leso kuukuu, tabaka mbili, na mikanda ya kufungia.

"Hiki si kiatu, Bibi. Ni mkeka wako, unatembea nawe."

Tukamtazama wifi. Ndiye mkali wa adabu, akikataa yeye hakuna aliyekubali. Akaugeuza huku na huku. "Mkeka, sawa," akasema. "Ila ufungie pale pale mtini, usije nao ukiwa na vumbi la njiani."

Tukaanza asubuhi, umande haujakauka. Nilikuwa nakwenda kama mtu aliye ndani ya usingizi wake mwenyewe. Mguu ukifika, jina linakuja. Huyu alikuwa mpika bokoboko wa arusi zote. Huyu alikuja na mumewe kukata mkonge, akasilimu, akazaa hapa. Hawa wawili ni mapacha. Mjukuu anaandika, fundi anachomeka kijiti, wifi anadakia: "Mwongo huyo, alikufa na kuku wangu tumboni." Jua likapanda. Nikachoka, nikakaa, nikainuka, kisigino kikanong'ona, nikaendelea.

Mwisho tukafika palipokuwa patupu. Mchanga tu, na jani moja la mnazi.

"Hapa hamna mtu, Bibi?" fundi akauliza.

Nikafungua mikanda, nikauvua mkeka wangu, nikasimama pembeni yake, miguu mitupu. Kisigino kilikuwa kimya. Baba yake mjukuu wangu alizaliwa baadaye, hajawahi kuniuliza, nami sijawahi kusema. Nikalitaja jina. Sauti ilitoka ngeni, jina lile lilikuwa halijatoka kinywani mwangu miaka mingi kuliko umri wa fundi.

Mjukuu wangu aliandika, akalisoma kwa sauti ili nihakikishe.

Wifi akanishika kiwiko. "Nilikuona mwaka jana ulipomkanyaga," akaninong'oneza. "Ndiyo maana nikaja na sindano. Nilitaka tu nikutoe kwenye majonzi."

"Na wewe ulikuwa unamkumbuka?"

"Mie si ndiye niliyembeba siku ya jina? Alikuwa mzito, kha!"

Kibao chake kipo, kidogo, na wifi amekitafutia kombe jeupe. Mie alfajiri bado napitisha leso chini ya vidole, navuta, nahesabu. Siku nyingi nashuka bila habari. Mara moja moja kisigino kinanishika, kidogo tu, hatua ile ya kwanza. Siku hiyo sikimbilii mtungini. Nasimama pale pale kidogo, nimeshika ukuta.