Shukrani ya MaDiya

MaDiya alikuwa mwanamke wa kusema, lakini msimu ule mzima alitembea na neno moja mdomoni asiloruhusiwa kulitoa.

Alilima bangi kwenye mteremko juu ya mto, huko Mpondo, kama mama yake kabla yake. Si hii bangi fupi ya mjini yenye majani mapana, inayokomaa upesi na kumlaza mtu kitini mdomo wazi. Yake ilikuwa ndefu kumpita mumewe, majani membamba, harufu ya bizari tamu. Ukiivuta kidogo kabla ya palizi, jembe linakuwa jepesi, maneno yanakuja, kicheko kinakuja, halafu njaa. Ukizidisha, moyo unakwenda mbio na utamshuku hata mbwa wako. Ubaya wake ni kwamba inakomaa kwa wakati wake, na hakuna wa kuiharakisha.

Kisha helikopta ya polisi ikapita ikinyunyiza sumu, bangi ya bonde zima ikakauka. MaDiya alikuwa ameshapanda mbegu zote. Aliyebaki nazo ni MaMpinge tu, wa ng'ambo ya mto, na hao wawili hawakupikika chungu kimoja. Mbegu zenyewe MaDiya ndiye aliyempa, MaMpinge alipoletwa pale akiwa bibi harusi, na MaMpinge hakurudi kushukuru.

Kwao mbegu haiuzwi, na anayeombwa hanyimi. Anayepewa naye hashukuru palepale, maana wanasema mbegu iliyoshukuriwa haioti. Shukrani hupelekwa wakati wa mavuno, pamoja na kishada cha kwanza cha maua.

MaDiya akameza kiburi, akavuka mto.

"Leo umepotea njia?" MaMpinge alimwuliza, kiko mkononi.

"Nimekuja kuomba mbegu."

"Ahaa! Ule mdomo mrefu umefupika?" Lakini aliinuka, akamfungia mbegu kwenye kitambaa. "Haya nenda. Na uufunge, usije ukaniharibia mbegu."

Bangi ikaota vizuri mno. Ilipofika kiunoni, zikaja habari kwamba MaMpinge hainuki kitandani, hali chakula, hasemi na mtu. MaDiya akawa haishi kwenda shambani.

"Fanya haraka, mvivu mkubwa wewe!" aliuambia mmea.

Mumewe akamshauri ashukuru tu kabla mama wa watu hajafa. MaDiya alikataa. Angekosa mavuno, na MaMpinge mwenyewe asingemsamehe.

Maua yalipoanza kunata vidoleni, alikausha kishada kimoja juu ya meko, akavuka mto mbio.

MaMpinge alikuwa amebaki mifupa na macho. MaDiya akamwashia kiko, akamshikia. Mgonjwa akavuta kidogo, akakohoa, akavuta tena. Mara mabega ya MaMpinge yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"We MaDiya! Siku ile ulivyokuja umenuna! Nilidhani unakuja kunizika!"

"Asante," MaDiya akasema, na machozi yakatoka pamoja na neno. "Asante kwa mbegu, MaMpinge. Asante sana."

"Nimesikia." MaMpinge akamshika mkono. "Kwetu nilikozaliwa hatuna desturi hii. Nilipokuja kuijua, ulikuwa umeshanichukia. Asante kwa zile za kwanza."

MaDiya akajifuta machozi kwa kiganja, yakazidi kutoka.

"Sasa unalia nini?" MaMpinge akamwuliza. "Nipikie makande. Njaa inaniuma."

MaDiya akainjika sufuria kubwa. MaMpinge alikula, akaomba tena.