Upande wa Kushoto wa Shujaa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau, na jana ilinirudia yote mama yako aliponiambia kwamba umeificha barua yako ya chuo cha mifugo chini ya godoro. Umemwambia huendi tena. Najua sababu, maana nilikuwepo sebuleni.

Nilikiona kile kichekesho mlichokuwa mnaangalia. Bwana mifugo kavaa buti moja, kaptura imechanika, kalewa asubuhi, anakimbizwa na mbuzi. Rafiki yako wa Katandala akakupiga begani: "Mshikaji, ndiyo wewe huyo! Daktari wa ng'ombe!" Ukacheka naye, lakini uso wako niliuona. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda, na hasira haijaisha.

Hebu niambie, kwa nini kila tamthilia ni vilevile? Daktari wa watu anapewa koti jeupe na mchumba mzuri. Wa mifugo anapewa mavi ateleze. Na sisi tumelibeba hilo mpaka mdomoni: daktari wa hospitali akikosea, tunamtukana kwa kumwita daktari wa ng'ombe, kana kwamba ng'ombe hutibiwa na yeyote asiyejua kitu. Upuuzi mtupu! Nausema kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe niliucheka, na nikaulipia.

Nilikuwa na umri kama wako. Tulikaa Mpui, na babu yako alikuwa na maksai wawili wa kulimia, Shujaa na Mpole. Jumamosi moja nilikuja mjini nikaingia kwenye kibanda cha video. Picha ilikuwa ya vichekesho. Ng'ombe kavimba tumbo, daktari wa mifugo anatetemeka, kisha anafumba macho na kumchoma kisu ubavuni. Upepo ukatoka fyuuu, kofia ikamruka, ng'ombe akaondoka zake anakula majani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nikarudi nyumbani nikijua kazi ile ni kisu na bahati.

Haukupita muda, Shujaa akaingia kwenye maharage mabichi yenye umande, akala akashiba. Saa tatu asubuhi tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma na anahema kwa shida. Baba akachukua baiskeli kumfuata bwana mifugo. Aliniachia neno moja tu: "Mtembeze, asilale. Usimfanye kitu kingine."

Nilimtembeza. Halafu nikachoka, nikaanza kujiona mjanja. Nikaingia jikoni, nikatoka na kisu cha mama cha kukatia mboga, nikasimama pale aliposimama yule mchekeshaji, nikachoma. Upepo haukutoka. Ilitoka damu, na Shujaa akapiga magoti.

Baba na bwana mifugo walifika nikiwa bado nimeshika kisu. Yule bwana mifugo, mzee wa makamo, hakupoteza muda kwangu. Alizunguka upande wa pili, akapapasa nyuma ya mbavu, akachoma kwa chuma chake chenye mrija. Upepo ukatoka fyuuu, kama kwenye video kabisa, na tumbo likanywea mbele ya macho yetu. Hakuna aliyecheka. Ndipo akaja kuliangalia jeraha nililomtia Shujaa, akaingiza vidole, akatikisa kichwa.

"Kuvimba kumeisha," alimwambia baba. "Lakini kijana amekata utumbo. Mchinjeni, asiteseke."

Kisha akanigeukia. "Ulijifunzia wapi?"

"Kwenye video, shikamoo," nilisema. Hata salamu niliiweka mahali pasipo pake.

"Marahaba. Walichoma upande gani?"

"Huu wa kulia."

"Tumbo linalojaa upepo liko kushoto. Hao walimsimamisha ng'ombe ili sura ya mchekeshaji ionekane. Mimi simsimamishi ng'ombe kwa ajili ya sura yangu." Akaushika mkono wangu wenye damu, akauweka nyuma ya mbavu za kushoto za Shujaa, ambaye alikuwa bado anapumua. "Hapa. Ukumbuke."

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Mpole peke yake hakuweza kuvuta jembe, kwa hiyo msimu ule tulilima mahindi na ulezi kwa mikono, na mama yangu, aliyekuwa na mgongo mbovu, aliinama nasi shambani mpaka mvua zikaisha. Nilimwona kila siku. Wale wa video, wakikosea, wanarudia kupiga picha. Sisi Shujaa hatukurudishiwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Toa ile barua chini ya godoro leo, usingoje kesho. Usiache kazi ya maana kwa sababu mtu aliyelipwa achekeshe ameichezea. Ukiona kichekesho, cheka ukitaka, lakini usikifanye mwalimu wako, wala usimruhusu akuchagulie maisha mtu ambaye hajawahi kusimama karibu na ng'ombe anayekufa. Huyo rafiki yako akikuita tena daktari wa ng'ombe, muulize tumbo linalovimba liko upande gani. Akinyamaza, mwambie wewe unakwenda kusomea.

Mungu aibariki mikono yako. Amtie utulivu baba wa mtu atakapokuja mbio na baiskeli kukuita, na utakapofika zizini kwake, akujalie usikosee upande.